Neno “Hatukutarajia” na Mzigo wa Mwajiri

Mwaka juzi nilikagua hospitali moja ya ukubwa wa wastani. Sheria ya Kenya inataka mahali pa kazi pafanyiwe ukaguzi wa usalama na afya angalau mara moja katika kila miezi kumi na miwili, na mimi ni mmoja wa washauri wanaoitwa kwa kazi hiyo. Mchana kutwa sikupata dosari ya maana. Mitungi ya kuzima moto ilikuwa imejazwa na tarehe zake zinasomeka. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa kamili, hata mkasi ulikuwemo, nao kwa kawaida ndio huwa wa kwanza kutoweka. Saa mbili usiku nikashuka hadi chumba cha dharura, nikamkuta muuguzi wa zamu peke yake, nikamwuliza swali ambalo halimo kwenye fomu yangu: “Sista, ndugu wa mgonjwa akikujia na kisu hapo ulipokaa, utatokea wapi?”

Akatazama mlango. Ulikuwa ng'ambo ya meza, nyuma ya kiti cha mgonjwa. Akatazama dirisha. Lilikuwa na nondo. “Labda nipae,” akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha kovu dogo juu ya nyusi. Alirushiwa kibao cha kuandikia na mtu aliyekuwa ameambiwa muda huo kwamba kaka yake amefariki. Msimamizi wake aliambiwa. Tukio halikuandikwa popote.

Asubuhi nilipomweleza mkurugenzi, alishangaa kwa dhati. “Hayo hatukuyatarajia,” akaniambia. “Hii ni hospitali, si baa.”

Neno hilo, hatukutarajia, nimelisikia katika benki, shule, vituo vya mafuta na maghala. Kisheria ni zito kuliko wanaolitamka wanavyodhani. Wajibu wa mwajiri wa kuzuia ukatili kazini umejengwa juu ya maswali mawili: mtu makini katika nafasi yake angeona nini kinakuja, na je, alifanya nini kabla hakijafika? Hoja yangu leo ni kwamba swali la kwanza huwa tunampelekea mtu asiye na jibu. Tunapima kinachotabirika kwa macho ya waliokaa ofisini, ilhali wanaoliona jambo likija ni walio kaunta, walio zamu ya usiku na walio shambani.

Kericho, Desemba 2007

Hakuna mfano unaoonyesha jambo hili kwa uchungu kama wa Kericho.

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, sehemu nyingi za Bonde la Ufa ziliwaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu baadaye vifo 1,133 nchini kote. Miongoni mwa palipovamiwa ni shamba kubwa la chai la Kericho, ambalo wakati huo lilikuwa mali ya kampuni tanzu ya Unilever. Tusidanganywe na neno shamba. Mahali pale ni kama mji. Wachuma chai huishi humo humo katika nyumba za kampuni, na ukiwajumlisha na familia zao wakazi walikuwa wapatao laki moja. Mtu akiamka yuko kazini, akilala yuko kazini.

Wavamizi waliwaendea hasa wafanyakazi wa makabila yaliyokuwa na watu wachache pale. Watu 218, wafanyakazi na wakazi, walifungua kesi London dhidi ya kampuni mama na kampuni tanzu. Walidai kwamba watu saba waliuawa, wanawake wakabakwa, wengi wakajeruhiwa na kuporwa, na kwamba baadhi ya waliowashambulia walikuwa wafanyakazi wenzao. Kiini cha madai yao hakikuwa kwamba kampuni ilishika rungu. Walisema kampuni iliwaleta watu wa makabila hayo katika eneo lenye historia inayojulikana, ikawapa makazi humo, kisha haikuwa na mpango wa maana wa kuwalinda siku ambayo kila mtu alijua ingeweza kufika.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza ilizuia kesi isiendelee. Jaji aliona kwamba vurugu za ukubwa ule hazikuweza kutabirika na kampuni, na kwamba haikuwa haki kuibebesha kampuni kazi ya polisi. Tarehe 4 Julai 2018 Mahakama ya Rufaa nayo ilikataa, ila kwa njia nyingine. Ilisema kampuni mama haikuwa na mkono wa kutosha katika namna kampuni tanzu ilivyosimamia hatari ya machafuko, kwa hiyo haikuwa na wajibu wa uangalizi kwa wachuma chai. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa. Kesi ikafia mlangoni. Hakuna shahidi aliyesimama kizimbani akahojiwa, kwa hiyo madai hayakuthibitishwa wala hayakukanushwa kwa ushahidi kamili.

Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya uamuzi huo. Mimi nina swali moja tu, na ni la mkaguzi. Mwaka 1992 kulikuwa na mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa wakati wa uchaguzi. Mwaka 1997 yakarudi. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi ilizunguka nchi ikiyachunguza, na ripoti yake ilikuwa hadharani tangu 2002. Kati ya yote yanayoweza kumpata mchuma chai wa kabila lenye watu wachache pale mwezi wa uchaguzi, ni lipi lilikuwa linatabirika zaidi? Ukimwuliza mtu aliye London, atasema hakuona. Ukimwuliza mama aliyekuwa akiambiwa na jirani yake wa nyumba ya tatu, huku wamebeba vikapu, kwamba kura zikienda vibaya atatafuta pa kwenda, atakutajia hata jina la jirani huyo.

Jambo ni lile lile, na kama linatabirika au la inategemea unamwuliza nani.

Sheria inasemaje

Wengi huniambia kwamba Kenya haina sheria ya ukatili kazini. Ni kweli kwamba hutakuta sheria yenye jina hilo. Lakini ukizikusanya zilizotawanyika, mwajiri ana mzigo mkubwa kuliko anavyofikiri.

Anza na Katiba ya 2010. Ibara ya 29 inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe unatoka serikalini au kwa watu binafsi. Ibara ya 41 inampa mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa.

Halafu iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Ilianza kutumika Oktoba mwaka huo, miezi miwili tu kabla ya Kericho kuwaka. Kifungu cha 6 kinamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa kila anayefanya kazi pale. Kinataja utaratibu wa kazi ulio salama, maelezo na mafunzo, usimamizi, na njia salama ya kuingilia na kutokea. Rudi kwa yule muuguzi na nondo zake uone kifungu hicho kinavyomhusu. Hakuna palipoandikwa kwamba hatari inayozungumzwa ni ya mashine na kemikali peke yake. Mkanda wa mashine usiofunikwa ni hatari, na mlango ulio upande wa mtu mwenye hasira ni hatari pia. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri afanye tathmini ya hatari, na tathmini isiyouliza swali la ukatili ina pengo.

Penye watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanyakazi amweleze msimamizi wake mara moja anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo kabla ya kuirekebisha. Walimu waliokuwa wakifanya kazi kaskazini mashariki mwa Kenya wanaelewa uzito wa jambo hili. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera, abiria 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwanzoni mwa 2015 mamia ya walimu walikataa kurudi, na wengi waliwaona kama watoro. Mimi niliona watu waliokuwa wakifanya kile ambacho sheria ya usalama inamtaka kila mfanyakazi akifanye: kusema hatari ilipo kabla ya kuikanyaga tena.

Kwa upande wa unyanyasaji wa kingono, Sheria ya Ajira ya 2007 ina kifungu cha 6. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima, baada ya kushauriana nao, atoe sera ya maandishi, aeleze malalamiko yanapelekwa wapi, na aifikishe kwa kila aliye chini yake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamfunga jela si chini ya miaka mitatu, au kumtoza faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili, mwenye mamlaka anayemsumbua kingono mtu aliye chini yake. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akate bima. Aliyelemazwa kabisa na kwa kudumu hulipwa fidia ya mshahara wa miezi 96.

Chini ya sheria hizi zote kuna msingi tuliourithi kutoka mahakama za Kiingereza, uliowekwa wazi mwaka 1937 katika kesi ya mchimba makaa wa Uskoti: wajibu wa mwajiri kuweka utaratibu salama wa kazi ni wake mwenyewe, na hawezi kumwachia mtu mwingine akanawa mikono. Anaweza kukodi kampuni ya ulinzi, lakini walinzi wakilala lawama inarudi mezani kwake.

Mapengo yapo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza. Mteja hakimtaji. Mhudumu wa hoteli anayeshikwashikwa na mgeni anabaki akitafuta kifungu cha kujifunika. Tena kinahusu unyanyasaji wa kingono peke yake. Matusi ya kila siku, vitisho na vibao vinavyorushwa havimo.

Pengo hilo ndilo lililozibwa kimataifa na Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 21 Juni 2019. Unahesabu hata tukio moja, hauhitaji mtu apigwe mara tatu. Unahesabu madhara ya mwili, ya akili, ya kingono na ya kiuchumi. Unafuata kazi popote ilipo: chooni, kwenye mapumziko, safarini, katika makazi yanayotolewa na mwajiri, kwenye simu na njiani kati ya nyumbani na kazini. Pendekezo Namba 206 linalouandama linasema wazi kwamba tathmini ya hatari iwaangalie wateja, wagonjwa na wananchi wengine. Katika majirani zetu, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2023. Ibara ya 9 ndiyo ningependa kila mwajiri aibandike ukutani, kwa sababu inataka hatari zitambuliwe kwa kuwashirikisha wafanyakazi na wawakilishi wao. Kwa lugha yangu: mwulize mama mwenye kikapu.

Milango minne

California, jimbo la Marekani, imeyapanga mambo haya kwa namna inayosaidia hata asiyejali sheria za huko. Inagawanya ukatili kazini katika aina nne kulingana na anayeuleta. Mimi huziita milango minne.

Mlango wa kwanza ni wa mtu asiye na uhusiano wowote na kazi ile: jambazi anayefuata fedha. Wa pili ni wa anayehudumiwa, yaani mteja, mgonjwa, mwanafunzi, mfungwa au abiria. Wa tatu ni wa ndani, mfanyakazi kwa mfanyakazi au bosi kwa aliye chini yake. Wa nne ni wa mtu wa nyumbani, mume au mpenzi wa zamani aliyemfuata mfanyakazi kazini kwa sababu anajua saa ngapi atamkuta.

Waajiri wetu hulinda mlango wa kwanza kwa nguvu zao zote. Hata pale, kinacholindwa mara nyingi ni sefu. Nimeona duka la jumla ambalo keshia amefungiwa katika kibanda cha vyuma chenye kufuli lililo nje, na ufunguo uko kwa mwenye duka. Fedha zilikuwa salama kabisa. Keshia alikuwa mateka kabla jambazi hajafika.

Milango mingine mitatu huachwa wazi, na wa tatu ndio mpana kuliko yote. Tunarudi Kericho.

Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 waliwaeleza waandishi kwamba wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao, katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza. Moja ilikuwa Unilever, ambayo ilikuwa imeuza biashara hiyo mwaka 2022 kabla ya kipindi kurushwa. Nyingine ilikuwa James Finlay. Kilichonikaa moyoni ni jambo lililosemwa pembeni: madai ya namna hiyo yalikuwa yamewahi kutolewa zaidi ya miaka kumi nyuma, na Unilever ikajibu kwa sera ya kutovumilia hata kosa moja pamoja na njia ya kuripoti. Sera ilikuwepo. Njia ilikuwepo. Ila mwanamke aliyetaka kibarua bado alisimama mbele ya mtu mmoja mwenye uamuzi.

Hapa ndipo sisi wa usalama tunapotofautiana na mawakili. Wakili huuliza kama sera ipo. Mimi huuliza nani anaamua. Katika shamba la chai nyapara ana mambo kadhaa mkononi. Nani apate kazi, nani apelekwe kwenye majani mengi na nani apewe sehemu iliyokwisha kuchumwa, nani apewe kazi nyepesi akiwa mjamzito au mgonjwa, nani apate nyumba nzuri. Mambo hayo yote yakiwa kwa mtu mmoja, bila daftari wala wa kumhoji, umetengeneza mashine isiyofunikwa. Kuweka bango la sera juu yake ni sawa na kuandika “jihadhari” kwenye msumeno unaozunguka.

Dawa ni kufunika mashine. Ajira za msimu zipitie watu watatu, mmoja wao mwakilishi wa wafanyakazi na angalau mmoja mwanamke. Ugawaji wa sehemu uende kwa zamu iliyobandikwa ukutani kila wiki, ili kila mtu ajue kesho yuko wapi bila kumwomba mtu. Kazi nyepesi iamuliwe na zahanati. Malalamiko yapelekwe kwa mtu asiyemjua nyapara, wala hali naye kantini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi, na yote yanafuata kanuni ya kale ya fani yetu: kwanza ondoa hatari. Ukishindwa, weka kizuizi, kisha badili mpangilio wa kazi. Mafunzo yaje baada ya hapo, na mwisho kabisa umpe mtu kifaa cha kujikinga. Waajiri wengi huanzia mwisho. Humpa mwanamke namba ya simu ya kupiga akishaumia.

Kanuni hiyo inafaa kwenye milango yote. Malipo ya simu yamepunguza noti zinazolala mfukoni mwa mhudumu wa pampu usiku. Huko ni kuondoa hatari. Kutomwacha mtu mmoja zamu ya usiku ni kubadili mpangilio, na kaunta pana yenye mlango nyuma ya mhudumu ni kizuizi. Kwa mlango wa nne, mwajiri hawezi kuingilia ndoa ya mtu, lakini anaweza kubadilisha zamu ya mfanyakazi aliyetishwa, akampa bawabu picha ya anayemtafuta, na akamkataza mtu wa mapokezi kutaja saa anazotoka. Na yule muuguzi wangu? Watu wawili waligeuza meza yake kwa dakika kumi. Mlango sasa uko nyuma yake.

“Sisi si polisi”

Najua waajiri watakachonijibu, kwa sababu hata jaji wa London alikisema: kampuni si polisi. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Nchi ikiwaka, mabawabu wenye rungu hawawezi kuzuia umati wa watu elfu. Mwenye duka la watu watatu hawezi kudaiwa kile ambacho shamba la watu elfu ishirini linadaiwa, ndiyo maana kamati na sera ya unyanyasaji wa kingono zinaanzia watu 20, ingawa wajibu wa msingi unamhusu hata aliyeajiri mmoja, akiwemo bibi aliyeajiri msaidizi wa nyumbani.

Lakini hakuna anayewadai waajiri wazime machafuko. Wanadaiwa yaliyo mkononi mwao. Je, mlango wa shamba ulikuwa na mtu mwenye simu yenye chaji na namba ya kituo cha polisi? Je, palikuwa na mahali pa kukusanyika panapojulikana na wote? Je, magari ya kampuni yalipangiwa nani ayapande kwanza? Hilo la mwisho ndilo linaloniuma katika mipango ya dharura ninayoisoma. Nyingi zinaeleza kwa undani namna mameneja na familia zao watakavyoondolewa, gari gani, uwanja gani wa ndege. Ukifika kwa wachuma chai, wapakiaji au wafagiaji, unakuta sentensi moja: wafanyakazi watashauriwa kubaki watulivu. Mpango kama huo ni ushahidi mbaya dhidi ya aliyeuandika. Hawezi kusema hakutarajia. Alitarajia vizuri sana, kwa ajili ya baadhi ya watu.

Mahakama nazo hazijasimama. Miezi tisa baada ya kesi ya Kericho kukataliwa katika rufaa, Aprili 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Zambia kuishtaki huko kampuni mama ya Vedanta kwa uchafuzi wa maji. Mwaka 2021 ikafanya hivyo kwa jamii za Nigeria dhidi ya Shell. Kesi hizo zilihusu mazingira, lakini zililegeza kile kilichowakwamisha wachuma chai: namna ya kupima mkono wa kampuni mama katika mambo ya tanzu. Anayetegemea umbali wa London kama ngao ajue ngao hiyo imeanza kutoboka.

Daftari la mvua

California imefanya jambo moja ambalo ningeliiga kesho. Mei 2021 mfanyakazi wa shirika la usafiri mjini San Jose aliwaua wenzake tisa kwa bunduki. Jimbo likatunga sheria, na tangu tarehe 1 Julai 2024 waajiri wengi huko lazima wawe na mpango wa maandishi wa kuzuia ukatili, uliotengenezwa pamoja na wafanyakazi, wafanye mafunzo kila mwaka, na waweke daftari la matukio ya ukatili. Humo huandikwa hata kitisho kisichomjeruhi mtu. Daftari hilo hutunzwa miaka mitano.

Hatuhitaji kusubiri Bunge kwa hilo. Kamati ya usalama tuliyo nayo kisheria inaweza kulifungua Jumatatu. Ukurasa uwe na safu chache: tarehe, mahali, mlango upi kati ya ile minne, kilichosemwa au kutendwa, nani aliambiwa, na kilichofanywa kufikia Ijumaa. Jina la mlalamikaji likae kando, mahali pa siri. Kila kikao cha kamati kianze kwa kulisoma. Mwajiri mwaminifu atapata ramani ya hatari zake kwa bei ya daftari. Mwajiri asiye mwaminifu atachukia kuliona, na ana sababu: siku ikifika mbele ya hakimu, atakuwa ameandikiwa kwamba alijua.

Kuna shamba moja la chai nililolikagua, dogo, milimani. Karani aliniingiza ofisini akanionyesha kwa fahari daftari la mvua. Kila asubuhi kwa miaka zaidi ya thelathini, mtu ametoka kusoma kipimo kilichosimama uani, akaandika milimita ngapi zimenyesha. Kurasa za mwanzo zilikuwa za njano, wino umefifia, mwandiko wa watu ambao wengine wameshafariki. Hakuna siku iliyorukwa. Kwa daftari hilo meneja aliweza kuniambia mwezi gani majani yatapungua na mwezi gani barabara ya juu itakatika.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na pale waliyahesabu mawingu kwa milimita. Nikamwuliza karani kama kuna daftari la vitisho, ugomvi na malalamiko ya wachumaji. Alifikiri kidogo. “Hayo, mzee, hatuandiki,” akasema. “Hayo watu wanayajua tu.”

Nilimwomba kalamu, nikamwandikia safu za ukurasa wa kwanza.